Mguu wa Farasi wa Hekaluni

Jirani yetu wa upande wa kushoto ni bibi wa Kihindi aliyezaliwa Korogwe. Nililijua hilo siku ileile tulipohamia mtaa huu wa Sparkhill, huku Uingereza. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikimfokea mume wangu, aliyekuwa akiingiza kabati kinyumenyume na kukwangua ukuta, mara bibi yule akatoa kichwa dirishani akasema kwa Kiswahili cha kwetu kabisa, "Mwache mwenzio, kabati halina macho." Nusura niangushe droo niliyokuwa nimeishika.

Mimi ni mtu wa Tanga mjini. Yeye baba yake alikuwa na duka la vitambaa na mafuta ya taa karibu na stesheni ya Korogwe, na ujana wake wote ulipita nyuma ya kaunta ile kabla familia haijahamia Uingereza. Tangu siku hiyo nikimwona namwamkia shikamoo, naye ananijibu marahaba mwanangu, na watu wanaosubiri basi Stratford Road hutugeukia, wasielewe sisi wawili tumekutana wapi.

Mume wangu ni seremala. Kwa miaka mingi alifanya kazi katika karakana moja ya Balsall Heath, wakitengeneza makabati ya jikoni na milango ya mikahawa. Asubuhi moja, akiwa ameinama kufunga kamba za viatu, kiharusi kilimpata. Mkono na mguu wa kulia vilimlegea, na maneno yakamkwama kooni. Hospitali walimtunza vizuri, sina la kulalamika. Aliporudi nyumbani aliweza kwenda kwa fimbo kutoka kitandani hadi jikoni, na ukimuuliza kitu anakujibu neno moja, yakizidi sana mawili.

Ila moyo wake haukurudi naye. Mama wa mazoezi ya viungo alikuwa akija na mpira laini, anamwekea kwenye kiganja na kumwomba aubonyeze. Akishaondoka tu, mume wangu anauweka mpira juu ya friji na kugeukia dirishani. Kibanda chake cha kazi kule uani alikifunga kufuli, na ufunguo akanipa mimi, kama mtu anayerudisha kitu kisicho chake. Nilijaribu kumbembeleza, nilijaribu kumkaripia. Binti yetu alimwonyesha kwenye simu watu waliopona. Alitazama kwa adabu, kisha akafumba macho.

Mimi nafanya kazi jikoni katika shule ya msingi, kwa hiyo mchana ilibidi awepo mtu wa kukaa naye. Bibi hakungoja kuombwa. Alikuja na kitambaa chake anachofuma, akakaa kiti cha pili, wakawa wanatazama kriketi bila sauti huku akimmenyea machungwa. Nikirudi nawakuta vilevile, kama abiria wawili wa treni moja. Nikimshukuru ananiambia, "Unanishukuru nini? Nyumbani kwangu hakuna wa kuongea naye Kiswahili." Nami najiuliza wanaongea nini, maana mume wangu haongei.

Basi ilikuwa siku moja ya masika, masika ya huku, baridi bado ipo lakini mti wa jirani umeshatoa maua meupe. Nimerudi kutoka kazini, sijavua hata koti, bibi akamgeukia mume wangu. Si mimi. Akamwambia, "Baba, hekaluni kwetu kuna farasi amevunjika mguu. Wewe ndiye fundi ninayemjua. Utamtazama?"

Mume wangu alitikisa kichwa, hapana. Akanyanyua mkono wake wa kushoto akaushika ule wa kulia, akauinua kidogo na kuuachia uanguke mapajani, ili bibi auone. Bibi aliuona, akaendelea kufuma. Baada ya muda akasema, kama anayejisemea mwenyewe, kwamba basi watampeleka India kwa meli, na sherehe itapita bila yeye.

Nilikuwa nimeshaanza kumenya vitunguu nilipomsikia mume wangu akiuliza, "Mbao gani?"

Ilikuwa miezi mingi hajauliza swali.

Jumamosi iliyofuata bibi alinichukua tukamwone huyo farasi. Hekalu lenyewe si la Wagujarati wenzake, ni la watu wa kusini mwa India, lakini mkamwana wake ni wa huko na yeye ameshalizoea. Sikuingia ndani. Tulizunguka nyuma hadi kwenye stoo, akatupokea bwana mmoja wa kamati ya hekalu, mpole, mwenye ufunguo shingoni.

Aliposukuma mlango nilirudi nyuma hatua moja. Nilitegemea kitu cha kuchezea watoto. Farasi yule alinifikia kifuani, mweupe, kichwa ameinua juu, macho makubwa ya kutokeza, ulimi mwekundu nje, shingo imechongwa shanga na kengele ambazo ungedhani zitalia. Miguu ya mbele ilikuwa hewani kama anataka kuruka. Pembeni yake walisimama wenziwe: tausi, fahali, na bata maji mwenye shingo ndefu, kila mmoja amefunikwa shuka, sura tu zinaonekana. Nikaona kwa nini bibi amehangaika. Kwa kuwa miguu ya mbele haigusi chini, uzito wote unabebwa na miguu ya nyuma, na mmoja wa hiyo ulikuwa umeachia kwenye paja. Paa la stoo lilikuwa limevuja, maji yakaingia kwenye kiungo, mbao ikaoza. Mtu mwenye nia njema alikuwa amejaribu kupiga misumari, na misumari ikaipasua zaidi.

Nikamuuliza bwana wa kamati, huyu ndiye mnayemwabudu? Niliuliza kwa heshima, lakini nilitaka kujua. Bibi ndiye aliyenijibu, kwa Kiswahili.

"Hatumwabudu farasi. Huyu ni kipando. Ndani kuna sanamu ya mawe, hiyo haitoki kamwe. Kuna nyingine ndogo ya shaba, siku ya sherehe ndiyo inayopandishwa juu ya farasi na kutolewa nje. Kwenu akija mgeni mkubwa hamtandiki mkeka mzuri? Mkeka si mgeni."

"Na kwa nini atolewe nje?"

"Kwa sababu wapo wasioweza kuja. Mgonjwa, mzee, mwenye miguu mibovu. Na zamani kule India walikuwepo watu waliokatazwa hata kuvuka kizingiti. Basi wao wakishindwa kuingia, Mungu anatoka anawafuata."

Hiyo si imani yangu, na bibi anajua. Lakini nilimfikiria mtu wangu aliyekaa dirishani, na machozi yakanijaa mbele ya yule bwana wa kamati, ambaye alijifanya anatafuta kitu kwenye rafu.

Nilipiga picha za kumpelekea mume wangu: kiungo, nyufa, misumari. Alizikuza kwa kidole gumba cha kushoto, akazitazama hadi chai ikapoa.

Si kila mtu alifurahi. Nina shoga yangu wa Kizanzibari, tumekuwa kama ndugu tangu binti zetu wakiwa chekechea. Nilipomsimulia kwamba farasi ataletwa kwetu atengenezwe, alitua kikombe mezani. "Shoga, hicho ni chombo cha ibada ya watu. Utakiingizaje nyumbani kwako unakoswali?" Tulimpigia simu sheikh wa msikiti wetu, mume wangu akitaka kusema mwenyewe, mimi nikimalizia maneno yanapomkwama. Sheikh hakutupa jibu jepesi. Alisema wanazuoni wana maneno mengi juu ya jambo hilo, na kwamba yeye binafsi angependa tukae mbali nalo. Kisha akauliza hali ya mgonjwa, nikamweleza habari za mpira juu ya friji na za ufunguo. Mwishowe akasema, "Anayeijua nia ni Mwenyezi Mungu. Ibada yao msishiriki, na jirani yenu msimvunjie heshima."

Mume wangu alisema, "Mguu. Natengeneza mguu." Kwake yeye ikawa imekwisha. Shoga yangu alikunja kanga yake, akaaga, na kwa wiki nyingi hakuja. Iliniuma, kwa sababu sikumwona mbaya. Alisema kinachomtisha moyoni mwake.

Walimleta farasi kwa gari la mizigo, wakampitisha kwenye kichochoro cha nyuma, wanaume wanne wakihema. Tulimlaza ubavu uani juu ya godoro kuukuu na kumtandazia turubali juu, kwa kuwa mvua ya hapa haina miadi. Nilifungua kufuli la kibanda. Ndani kulinuka vumbi la mbao na gundi iliyokauka. Mume wangu alisimama mlangoni akiegemea fimbo, akavuta pumzi ndefu ya puani.

Niliwaza atamwita rafiki yake mmoja wa karakana. Hakumtaka mtu. Alikaa kwenye kiti cha jikoni, akaninyooshea patasi mimi.

"Mimi?" nikasema. "Mimi najua kukata karoti."

"Wewe," akasema.

Mguu ulikuwa umeungwa kwenye mwili kwa ulimi wa mbao ulioingia kwenye tundu. Ulimi ndio uliooza. Kazi ilikuwa kuutoa wote, kusafisha tundu, kisha kuchonga ulimi mpya wa kuingia pande mbili, pajani na mguuni, ukabane bila msumari hata mmoja. Alinionyesha kwa fimbo ubao uliokuwa umesimama nyuma ya mlango. Nilidhani ni takataka. Ulikuwa kipande cha meza ya maabara ya shule moja ya zamani iliyobomolewa, una madoa ya dawa na majina ya wanafunzi waliokwaruza wakiwa wamechoshwa na somo. Alinifanya niukwangue kidogo kwa msasa. Rangi ya asali ikatokea.

"Mvule," akasema, na alitabasamu upande mmoja wa uso, ule unaokubali.

Kumbe Waingereza wa zamani walikuwa wakitengenezea maabara zao mvule kutoka Afrika. Nilikaa nikautazama ule ubao. Umetoka kwetu, ukasikiliza masomo ya sayansi ya watoto wa Kiingereza miaka mingapi sijui, sasa unaingia paja la farasi wa Kihindi.

Tulifanya kazi jioni baada ya jioni nikitoka shuleni, na Jumamosi mchana kutwa. Alipiga mstari kwa penseli kwa mkono wa kushoto, ukaenda kombo. Akaufuta, akapiga tena, ukaenda kombo kidogo. Nikashika rula, yeye akapiga. Nilikata kwa msumeno, nikachonga kwa patasi, viganja vikanitoka malengelenge. Akitaka nipunguze anagonga fimbo chini, akitaka niendelee anaitikia kwa kichwa. Tulielewana kama watu wanaopita chumba chenye giza wameshikana mikono.

Siku moja nilikuwa nimechoka. Nilisukuma patasi kwa hasira, ikaruka na kung'oa kipande pembeni mwa ulimi.

"Usisukume patasi kama unamenya muhogo!" mume wangu akapiga kelele. "Acha chuma kifanye kazi, mkono unaongoza tu!"

Nikageuka. Yeye mwenyewe alikuwa ameachama. Tangu kiharusi hakuwahi kutoa sentensi ndefu, na sasa alikuwa ametoa mbili zimefuatana, hakuna neno lililokwama. Ukutani kwa jirani dirisha likafunguka. "Nani huyo anasema?" bibi akauliza. Nilikaa chini kwenye vumbi la mbao, patasi mkononi, nikalia na kucheka kwa pamoja, na mume wangu akaanza kucheka, kile kicheko chake cha zamani cha kukoroma. Bibi aliposhuka kuja kuona kuna nini, alitukuta hivyo na farasi amelala katikati yetu ametoa ulimi.

Ule ulimi wa mguu ulioharibika tuliutupa, tukachonga mwingine. Wa pili ulikuwa mzuri. Siku ya kuunga, yeye ndiye aliyepaka gundi, kwa brashi, kwa mkono wa kushoto, taratibu, hakuacha pembe. Mguu ukaingia kwa sauti ndogo ya kubana. Tukaukaza kwa jiliwa, kile chuma cha kubania mbao, na kuuacha gundi ikauke. Baadaye alishinda siku kadhaa akiusugua msasa peke yake, na jioni moja nikiwa jikoni nilichungulia nikaona ameuweka mkono wa kulia juu ya paja la farasi, umelala tu, huku wa kushoto ukifanya kazi. Vidole vya kulia vilikuwa vikijikunja na kujikunjua. Sikumwambia nimeona. Rangi waliipaka wenyewe kule hekaluni, maana ina taratibu zake.

Sherehe yao ilikuwa Jumapili ya kiangazi. Bibi alitualika kwa namna yake. "Mimi nitakuwa kwenye maandamano," alisema. "Barabara ni ya manispaa, si ya hekalu. Mtu yeyote anaweza kusimama." Tukaenda, mume wangu kwenye kiti cha magurudumu kwa sababu hawezi kusimama muda mrefu. Tulikaa upande wa pili wa barabara, chini ya mwavuli, manyunyu yakianguka.

Kwanza zilisikika zumari na ngoma. Halafu moshi wa kafuri, halafu harufu ya asmini. Kisha lango likajaa watu, na juu ya vichwa vyao akatokea farasi wetu. Samahani, nasema wetu. Alikuwa amebebwa juu ya miti miwili mirefu iliyolala mabegani mwa wanaume wengi wasio na viatu, na mgongoni, chini ya mwavuli mkubwa wa hariri wenye pindo za dhahabu, ilikaa ile sanamu ndogo ya shaba, imevikwa nguo na mashada hadi huioni zaidi ya uso.

Watu wote waliinua macho kuitazama sanamu. Mume wangu alikuwa anatazama mguu wa nyuma wa kushoto.

Hatukujua kwamba wabebaji hawatembei tu. Walipofika barabarani ngoma ilibadilika, nao wakaanza kumchezesha farasi: wanamwinua mbele, wanamshusha, wanamrudisha nyuma, wanamkimbiza hatua chache na kumsimamisha ghafla, ili aonekane anaruka. Kila akitua, mume wangu ananibana mkono. Mguu haukutikisika. Walimgeuza kushoto na kulia ili wazee waliokaa vitini kando ya njia wamwone vizuri, na mmoja wao, mama aliyevaa kofia ya sufu katikati ya kiangazi, aliwekewa farasi mbele yake kwa muda mrefu kuliko wengine. Nikakumbuka maneno ya bibi kule stoo. Mume wangu akapumua. "Umeshika," akasema.

Bibi alikuwa nyuma ya farasi, miguu mitupu juu ya lami yenye maji, sari imeloa pindo. Alituona. Alitoka kwenye msafara akavuka barabara akiwa na mfuko, na bwana wa kamati nyuma yake. Yule bwana alikuja kumshika mume wangu mikono yote miwili, na mume wangu akamwambia kwa Kiingereza, polepole, lakini yote, kwamba stoo ile inahitaji paa jipya. Bwana alicheka akasema limeshaagizwa.

Bibi akafungua mfuko. Ndani mlikuwa na ndizi. Akaniwekea moja kiganjani na kuigeuza ili nione kibandiko kidogo cha dukani kilichokuwa bado kimeganda kwenye ganda.

"Hizi si za sadaka," alisema. "Zile za sadaka ziko ndani, najua nyinyi hamli. Hizi nimenunua asubuhi dukani kwa yule Mpakistani wa kona. Kuleni bila wasiwasi."

Siku yenye shughuli kubwa kuliko zote katika mwaka wake, mwanamke yule alikuwa ameamka mapema akawaza ndizi ipi tutakula kwa amani na ipi itatutia mashakani. Nimepewa vitu vingi maishani, na sidhani nimewahi kupewa kitu kilichofikiriwa namna ile. Tulizila palepale mvuani.

Mpira laini ulishuka kutoka juu ya friji wiki ile. Sitaki kudanganya kwamba kila kitu kilirudi. Mkono wa kulia wa mume wangu unashika kikombe kisicho na kitu, kilichojaa bado. Maneno yanakuja, ila akichoka yanakimbia. Karakanani hakurudi, na hatarudi. Lakini kibanda hakina kufuli tena. Nikifika kazini mama wa jikoni mwenzangu ananiuliza hali ya nyumbani, nami namwambia kuna vumbi la mbao hadi kwenye sukari, na ananitazama asijue kwa nini nasema hivyo nikiwa na furaha.

Shoga yangu wa Kizanzibari alirudi Ijumaa moja, kimya kimya, na sahani ya visheti iliyofunikwa leso. Hakuna aliyetaja farasi. Kabla hajaondoka alisimama mlangoni mwa kibanda akatazama vifaa, akamuuliza mume wangu kama anaweza kumtengenezea marufaa ya kuwekea msahafu, yale yanayokunjwa, kwa ajili ya watoto wa madrasa. Alimtengenezea. Watu wa msikiti walipoyaona wakaomba mengine. Ameyafanya ya mvule, kutoka ubao uleule wa maabara, na sasa umebaki kipande kifupi tu.

Nikiswali alfajiri namwombea jirani yangu afya, kwa jina lake la nyumbani aliloitwa Korogwe, ambalo aliniambia mimi peke yangu. Magoti yanamsumbua siku hizi, ngazi zinamshinda. Juzi mume wangu alimchukulia vipimo vya reli ya kushikilia kwenye ngazi zake. Nilikwenda naye kushika tepu. Bibi alikaa kidato cha chini kabisa cha ngazi akituamrisha, na mume wangu, penseli mdomoni, akambishia kuhusu kimo kwa maneno mengi mfululizo, hadi mimi nikawaacha nikaenda kuwachemshia chai.